Acheni Sura Iseme Kwanza: Namna ya Kuandaa Tafakari ya Asubuhi

Hotuba kwa watoa tafakari wa shule, hospitali, ofisi na makundi ya maombi

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zetu Wakatoliki mlio hapa: Tumsifu Yesu Kristo.

Wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa, walimu, mama zetu wa vikundi vya maombi: ninyi ndio mnaotoa neno kwenye paredi za shule, wodini kabla madaktari hawajapita, ofisini kabla ya saa mbili, redioni, na siku hizi zaidi ya kote kwenye makundi ya WhatsApp. Kila kanisa lina jina lake kwa kazi hii. Waadventista mna Kesha la Asubuhi, Wakatoliki mna Masifu ya Asubuhi na masomo ya Misa, Wamoravian mna maandiko yenu ya kila siku, na wengine husema tu "neno la asubuhi". Kazi ni ileile. Mtu ameamka, chai bado iko jikoni, na maneno ya kwanza anayoyasikia juu ya Mungu siku hiyo yanatoka kwako.

Nitasema jambo moja, kisha niingie kwenye utendaji. Tafakari nyingi tunazotoa zimekwisha kuandikwa kichwani kabla mstari haujachaguliwa. Mtoa neno ana lake moyoni: sadaka imepungua, vijana hawasikii, jirani kamsema vibaya. Ndipo anatafuta mstari wa kuweka juu. Mstari huo ungeweza kuondolewa, ukawekwa mwingine, na tafakari isibadilike hata neno. Hapo Biblia haijasomwa, imetumiwa. Dawa yake ni kuiacha sura nzima iseme kwanza, wewe ukiwa umenyamaza.

Tuanze na mstari unaotumwa kuliko karibu yote, Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Unatumwa siku ya usaili wa kazi, siku ya matokeo ya mtihani, siku ya kwanza ya mwaka. Mstari wa 10, ulio juu yake tu, unasema miaka sabini. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo, na manabii waliokuwa wakiwaahidi kurudi nyumbani upesi walikuwa wanawadanganya. Yeremia anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uliowateka. Wengi wa waliosikia barua ile ikisomwa wangefia kulekule. Sasa tafakari ya asubuhi ingeweza kutoka hapo: namna ya kupanda bustani mahali ambapo hukutaka kuishi. Mwalimu aliyepangiwa kituo cha mbali, au mtu aliye ugenini kwa ajili ya riziki, atakusikia vizuri. Badala yake tunamwambia kwamba leo mambo yake yatanyooka.

Wafilipi 4:13 nao umeteseka vivyo hivyo. "Nayaweza mambo yote" yaliandikwa na mfungwa, na mambo anayoyataja mstari mmoja juu ni kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Paulo anasema anaweza kuvumilia yote mawili. Na nikichomekea kidogo: ule wa "walipo wawili watatu", Mathayo 18:20, tunaoukimbilia asubuhi ya mvua watu wasipotokea, umefuata maagizo ya kumwonya ndugu aliyekosa na kupeleka shauri mbele ya kanisa. Faraja imo, sikatai. Ila walioitwa wawili watatu pale wana kazi nzito ya kupatanisha, na kuisoma mistari mitano iliyotangulia hakuchukui dakika moja.

Sasa utendaji. Tafakari ya asubuhi huandaliwa jioni. Anayeandika saa kumi na moja alfajiri, simu mkononi, huandika maneno yaliyo karibu na ulimi: "Mungu ni mwema", "usikate tamaa", "wakati wa Mungu ni bora". Ni maneno ya kweli, lakini msikilizaji ameyasikia mno hadi hayamgusi tena. Jioni ya jana tenga nusu saa. Soma sura yote kwa sauti mara mbili, au kama ni ndefu, soma tangu jambo linapoanza mpaka linapoisha. Vichwa vidogo vilivyochapwa juu ya aya usivifuate, maana viliwekwa na wachapishaji na mara nyingine hukata kisa katikati. Soma mara ya tatu katika tafsiri nyingine. Wengi wetu tumelelewa na Union ya mwaka 1952, na tunaipenda kwa mwendo wake, lakini Habari Njema itakuonyesha mahali ulipodhani umeelewa kumbe umezoea tu. Kisha andika majibu ya maswali manne kwenye karatasi: nani anasema, anamwambia nani, nini kimetokea kabla, na nini kinatokea baada. Swali la nne ndilo tunaloliruka. Nitaonyesha hasara yake.

Marko 1:35: "Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko." Huu ndio mstari wa kazi yetu. Kila mtu hapa ameutolea neno, na neno lenyewe huwa moja: Yesu aliamka mapema, nawe amka mapema. Mahubiri ya saa ya kengele. Aliyelala saa saba kwa sababu ya mtoto mgonjwa anayasikia, anajiona mwenye dhambi, basi.

Jibuni maswali manne. Kabla yake ni siku ya sabato Kapernaumu. Asubuhi Yesu amefundisha katika sinagogi na kumtoa pepo mchafu. Kutoka hapo ameingia nyumbani kwa Simoni, akamponya mama mkwe mwenye homa. Na jua lilipokuchwa, sabato ikiwa imekwisha na watu wakiwa huru kubeba wagonjwa wao, "mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni". Kwa hiyo aliyeondoka alfajiri alikuwa amechoka. Baada yake sasa. Simoni na wenzake wanamfuata mpaka wanampata, na wanamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Ni wito mzuri. Bila shaka walikuwapo wagonjwa waliochelewa jana. Naye anajibu: "Twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu, nipate kuhubiri huko nako, maana kwa hiyo nalitokea."

Yaani mtu aliyetoka kwenye maombi ndiye aliyeweza kukataa kazi njema iliyokuwa ikimsubiri mlangoni, kwa kuwa alijua alichotokea kukifanya. Hilo ndilo jambo la asubuhi hiyo, na hulioni ukiishia mstari wa 35. Ongezeni na hili, kwa faida yenu ninyi mtoao neno: katika Marko, Yesu anaonekana akiomba peke yake mara tatu tu. Hapa katika sura ya 1, katika sura ya 6 baada ya kulisha watu elfu tano, na Gethsemane katika sura ya 14. Zote tatu ni gizani, na kila mara kuna watu wanaomtaka aende njia isiyo yake au saa inayomtisha. Hayo usiyaseme yote kwa dakika tatu. Yajue, uchague moja.

Nimetaja dakika tatu, na nazisimamia. Asubuhi si ibada ya Jumapili. Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu kinakwenda karibu maneno 100 kwa dakika, kwa sababu maneno yetu ni marefu, hivyo dakika tatu ni maneno 300 au zaidi kidogo. Mstari wenyewe unakula 30 au 40. Mahali na watu wake, maneno 50. Jambo moja ulilolipata, maneno 120. Kulishusha kwenye siku ya leo, 50. Sala, 50. Mkianza kuhesabu mtaona kwamba hakuna nafasi ya mistari mingine sita ya kuthibitisha. Tabia ya kumtembeza msikilizaji kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo inatokana na woga: mtoa neno haamini kwamba mstari mmoja unatosha. Katika Kutoka 16 mana iliokotwa asubuhi, pishi moja kwa kila mtu, na iliyobakizwa mpaka kesho ilitoa mabuu na kunuka. Toeni pishi ya leo.

Kuhusu kulishusha kwenye siku ya leo: taja kitu kinachoweza kutokea kabla ya jioni. "Tuwe na upendo" hakitokei. "Leo kuna mtu atakupigia simu ukiwa na shughuli" kinatokea. Ukiwa shuleni, sema juu ya daftari lililoazimwa. Ukiwa sokoni, sema juu ya mizani. Lakini usimlenge mtu. Kwenye kundi la watu arobaini wanaojuana, tafakari juu ya deni siku mbili baada ya fulani kukopa na kutolipa ni kijembe, hata ukiisoma kwa sauti ya upole, na kila mtu anajua. Neno la namna hiyo lina mahali pake, na Mathayo 18:15 inapataja: wewe na yeye peke yenu.

Sala ndipo tunapoharibu zaidi, na nitakaa hapa. Makosa yake ni matatu. La kwanza ni kuhubiri mara ya pili macho yakiwa yamefumbwa: "Bwana, unajua jinsi ndugu zetu wasivyohudhuria, unajua mkutano wa maendeleo ni Jumamosi saa nne." Hilo ni tangazo, na Mungu hakuliomba. La pili ni kulitumia jina la Mungu kama mahali pa kuvutia pumzi: Baba, Mungu wetu, Bwana, ee Baba, Mungu Baba, mpaka ombi lenyewe halijulikani liko wapi. Yesu alikataza kupayuka-payuka katika Mathayo 6:7, na mistari miwili baadaye akatoa sala ambayo mtu huimaliza chini ya nusu dakika. La tatu ndilo baya kuliko yote: sala isiyouhusu mstari. Umesoma Marko 1, umesema vizuri, kisha unaombea safari, afya, taifa na wajane, yaleyale ya jana. Msikilizaji anajifunza kimyakimya kwamba Neno ni kitu kimoja na kuomba ni kingine.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, barua ya kumfundisha namna ya kuomba, na ushauri wake unatufaa hata tusio Walutheri. Anachukua amri moja ya Mungu na kuipitia mara nne: inanifundisha nini, nashukuru kwa lipi, natubu lipi, naomba nini. Anamwonya asiisikilize ile sauti inayosema ngoja kidogo, nitaomba baada ya saa moja, nimalize hiki kwanza. Na anamkumbusha kazi yake mwenyewe: kinyozi anayepiga soga huku akinyoa anaweza kumkata mteja mdomo, pua, hata koo, na kama wembe unataka akili yote, je, sala? Hiyo njia ya mara nne ichukueni mtu akiwa peke yake. Hadharani, asubuhi, chukueni umbo fupi zaidi, lile la sala za kale za ibada: mwite Mungu kwa tendo lililo ndani ya mstari, omba jambo moja, sema ili iwe nini, malizia kwa Kristo. Kwa Marko 1 ingekuwa hivi:

"Ee Baba, Mwanao aliondoka alfajiri akaomba, na mji mzima ulipomtafuta alijua alikotumwa. Utupe leo kuitambua kazi uliyotupa, na tukiitwa kwenye nyingine tuweze kusema hapana bila kiburi na bila hofu, ili jioni tusiwe tumechoka kwa mambo usiyotutuma. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina."

Ijaribuni kwa kipimo kimoja: je, sala hii ingeweza kuwekwa chini ya mstari mwingine wowote? Kama ndiyo, andika upya.

Sasa niseme na wale wa hospitalini, na wenye makundi ambamo daima kuna mtu aliyefiwa. Asubuhi ina mistari mitamu, nasi tunaipenda: "Ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu", Maombolezo 3:23. Lakini aliyeyasema amesimama kwenye magofu ya Yerusalemu. Katika sura hiyohiyo, kabla ya kufika hapo, amesema kwamba akilia maombi yake yanazuiwa, kwamba meno yake yamevunjwa kwa changarawe, kwamba tumaini lake limepotea. Na baada ya hapo kitabu hakipandi juu. Sura ya 5 inaishia kwa kuuliza kama Mungu amewakataa kabisa. Mstari ule unasimama katikati ya kitabu, una giza mbele na nyuma. Ukiusoma wodini peke yake, kwa sauti ya kuchangamka, mgonjwa anasikia kwamba wewe hujui alipo. Ukitanguliza sentensi mbili za magofu, anasikia kwamba aliyeandika anajua.

Ipo pia Zaburi 88, ambayo karibu hakuna anayethubutu kuitolea neno. Mstari wa 13 unasema anamlilia BWANA na asubuhi maombi yake yanamfikia. Mstari wa mwisho unaishia gizani, bila jibu, bila shukrani. Imo ndani ya Biblia hivyo hivyo. Itumieni kwa siku inayostahili, na msiongeze faraja ambayo zaburi haikuweka. Na tafadhali, kitandani pa mgonjwa msiseme neno lolote linaloweza kueleweka kwamba imani yake ni ndogo. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yohana 9:3 inatoa jibu: si yeye, wala wazazi wake. Vilevile msiahidi. "Leo utapokea simu ya kazi" ni utabiri. Ikifika jioni haijapigwa, aliyedanganyika atadhani ni Mungu aliyemdanganya.

Mtauliza mistari itoke wapi. Isitoke kwenye kufungua Biblia popote na kuweka kidole, wala kwenye picha ulizotumiwa. Chukueni mpango. Wakatoliki mnao tayari: katika kipindi cha kawaida cha mwaka, somo la kwanza la siku za wiki linakwenda kwa mzunguko wa miaka miwili, na Injili ya siku hizo hurudi kila mwaka, Marko kwanza, kisha Mathayo, kisha Luka. Wamoravian wana desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, ikachapwa kitabu tangu 1731: mstari wa Agano la Kale hupigiwa kura, kisha wa Agano Jipya huchaguliwa kuufuata. Kanisa lao lipo Rungwe tangu 1891. Kura hiyo inamzuia mtoa neno asichague mstari wa kumpiga mtu, na kwa sababu hiyo peke yake naiheshimu.

Asiye na mpango wa kanisa lake atengeneze wa mwezi. Zaburi za kupandia, 120 mpaka 134, ni kumi na tano, nyingi fupi: Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu kamili. Zaburi 119 ina mistari 176 katika mafungu 22 ya mistari minane minane, inayotosha siku za kazi za mwezi mzima, ingawa naonya kwamba mafungu yake yanafanana na mtoa neno mchanga atachoka wiki ya pili. Mithali ina sura 31 na watu hupenda sura moja kwa tarehe. Kwa asubuhi sura nzima ni nyingi, chagueni methali moja. Kwa wanaoanza, ningechagua Marko. Sura 16, visa vifupi, na daima kuna kilichotokea kabla na baada.

La mwisho, zamu na simu. Mtu mmoja asitoe neno kila siku mwaka mzima. Wiki moja kwa mtu, na wa akiba mmoja anayejua sura iliyofikiwa, kwa maana umeme hukatika na watoto huugua. Tumeni maandishi kwanza, sauti baadaye kwa wasioweza kusoma au wanaoendesha, kwani sauti ya dakika kumi inakula bando la mtu asiyekuwa nalo. Tumeni kwa saa moja isiyobadilika, kabla watu hawajaondoka nyumbani. Na mkishatuma, msirudi kuuliza nani hajasema Amina.

Sasa chukueni karatasi na mgawanyike wawili wawili. Sura ni Zaburi 121. Mna dakika ishirini: maswali manne kwanza, kisha sala ya maneno 50. Tafakari yenyewe msiiandike mpaka sala imekamilika.